Uamuzi wa Kutofufua Moyo: Kilichozungumzwa na Mgonjwa Ndicho Kiandikwe

Mwaka 2011, katika hospitali ya Addenbrooke's mjini Cambridge, Uingereza, faili la Janet Tracey liliwekwa hati iliyoagiza kwamba moyo wake ukisimama asifufuliwe. Alikuwa na saratani ya mapafu na alikuwa amevunjika shingo katika ajali ya gari, lakini akili zake zilikuwa timamu, na hakuna aliyemweleza. Mumewe alifungua shauri, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba hati ile ilikiuka haki ya mgonjwa ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na kwamba daktari kuhofia tu kuwa mgonjwa atahuzunika si sababu ya kumficha. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaliendeleza jambo hilo kwa wagonjwa wasioweza kujiamulia, baada ya hati ya kijana wa miaka 28 mwenye mtindio wa ubongo kuandikwa saa tisa usiku bila mama yake kupigiwa simu.

Sisi tunaohudumia wagonjwa Waswahili nchini humo, katika tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye maradhi mazito, tunaziona hukumu hizo zikifanya kazi wodini, na tunaona pia pale zinapokwama. Niliwahi kufungua faili la mzee mmoja, nikakuta penye swali la iwapo mgonjwa ameelezwa uamuzi pametiwa alama ya hapana, na sababu iliyoandikwa ni maneno mawili tu: hajui Kiingereza. Mzee huyo alikuwa amekaa kitandani akinywa chai, akiuliza habari za mvua kwao. Mkalimani angeweza kupatikana kwa simu. Hati ya namna hiyo inaonyesha tu kwamba mazungumzo yalirukwa, na kila daktari atakayeisoma baadaye ataidhani ni kazi iliyokamilika.

Mkalimani naye ana mtihani wake. Neno letu la kufufua ni la mauti na Siku ya Kiyama. Mgonjwa akiambiwa "hatutakufufua" anaweza kusikia kwamba ameshahesabiwa maiti, au kwamba daktari anazungumzia kazi ya Mungu. Mimi husema waziwazi kinachofanyika: moyo ukisimama, mtu hukandamizwa kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na pengine hupigwa shoti ya umeme na kuingizwa mpira wa kupumulia. Mbavu huvunjika mara nyingi. Njia hii ya kukandamiza kifua ilitangazwa na madaktari wa Baltimore, Marekani, mwaka 1960, na huwafaa zaidi watu ambao moyo umesimama ghafla kwa sababu inayotibika. Katika hospitali za Uingereza, kati ya wagonjwa 5 wanaofanyiwa hivyo, takriban mmoja ndiye anayerudi nyumbani akiwa hai, na kwa mtu ambaye mwili wake unazimika kwa ugonjwa wa muda mrefu, matumaini ni madogo zaidi ya hapo.

Baada ya hapo ndipo huja sentensi ambayo familia huingojea bila kuiuliza: uamuzi huu unahusu moyo kusimama peke yake. Antibayotiki, dripu, oksijeni, dawa za maumivu, hata kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, kila kimoja kina uamuzi wake. Nimewaona watoto wa mgonjwa wakishusha pumzi wanaposikia hivyo, kwa kuwa walidhani mama yao ameachwa.

Kwetu ni kawaida mtoto mkubwa kumvuta daktari pembeni na kusema, "Tafadhali usimwambie mzee." Ombi hilo linatoka kwenye mapenzi, na halifai kupuuzwa, lakini mzee akiwa na akili timamu lazima kwanza aulizwe yeye anataka kujua kiasi gani, na akijibu "zungumzeni na mwanangu", jibu hilo liandikwe kama alivyolitamka. Sheria ya Uingereza haimpi ndugu mamlaka ya kuamua, isipokuwa aliyeteuliwa rasmi na mgonjwa kuwa mwakilishi wake wa masuala ya afya. Vilevile mgonjwa hawezi kumlazimisha daktari atoe tiba ambayo daktari anaona haitafaa, ila anaweza kuomba maoni ya daktari mwingine. Saini ya mgonjwa haihitajiki, na ndiyo maana maelezo ya mazungumzo yana uzito mkubwa: nani alikuwepo, mkalimani alikuwa nani, mgonjwa alisema nini, sababu ya kitabibu ni ipi, na uamuzi utapitiwa upya lini.

Utaratibu wa kupanga mapema huduma ya dharura, unaoitwa ReSPECT, unaotumika sasa sehemu nyingi za Uingereza, umesaidia kwa kuwa fomu yake huuliza yale mgonjwa anayoyathamini kabla ya kufika kwenye moyo. Hata hivyo fomu nzuri hujazwa vibaya, na mwaka 2020, janga la korona lilipopamba moto, mamlaka ya ukaguzi wa huduma za afya ya England ilipokea malalamiko ya watu waliowekewa maamuzi haya bila kuulizwa, pengine kwa makundi.

Kwa hiyo mzazi wako akilazwa, una haki ya kuuliza kama kuna hati ya namna hii na iliandikwa kwa sababu gani, na yeye anaweza kuomba asomewe kwa Kiswahili. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, ulizeni kabla ya kutoka wodini kama hati hiyo bado ni halali na nakala itakaa wapi, kwa sababu wahudumu wa gari la wagonjwa watakapofika usiku wataitafuta.