Mchanga juu ya mfinyanzi ni tofali: dhana potofu kuhusu ukoka wa nyumbani Tabora

Kiangazi kikikolea Tabora, ukoka wa uani hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu na washauri huongezeka. Kila anayepita getini ana dawa yake. Wengi wanaujua mji huu kwa mchanga, lakini ukishuka kuelekea kwenye majaruba ya mpunga unakutana na udongo wa mfinyanzi wa mbuga, ule unaong'ang'ania kandambili wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kumeza kidole wakati wa jua. Uwanja wangu ni wa aina hiyo, na juu yake fundi alitandaza udongo wa shimo la choo, akausawazisha vizuri kabisa. Ukoka nilioupanda hapo ulidumu miaka miwili, kisha ukabaki viraka. Ushauri niliopewa, karibu wote, ulikuwa wa kuumaliza.

"Changanya na mchanga, utalainika."

Huu niliuamini kuliko mwingine, na ndio ulionila hela. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya milimita 0.002, kwa hiyo zinaingia kwenye mianya ya mchanga na kuiziba. Jua likipiga, kitu kizima kinashikana. Wafyatua tofali wanalijua hilo tangu zamani, ila mimi sikuwauliza. Ili mchanga utawale kweli, lazima uzidi nusu ya udongo wote. Chukua uwanja wa mita 10 kwa 10: ukitaka mchanga ulingane tu na udongo wa kina cha sentimita 15, unahitaji mita za ujazo 15. Hizo ni tripu za lori, kwa ajili ya nyasi!

Kinachofungua mfinyanzi ni samadi iliyooza au mboji. Vijidudu vinavyoila hutoa utando unaogandisha zile chembe ndogo kuwa vidonge, na katikati ya vidonge hewa na maji hupata njia. Mfinyanzi hata si maskini wa virutubisho kama tunavyodhani, unavishika kuliko mchanga. Shida ni kwamba umeshindiliwa, mizizi haipumui.

Mvua za Novemba zilipoanza nilichukua uma wa bustani, nikachoma matundu ya sentimita 10 kwenda chini, tundu na tundu upana wa kiganja. Kisha nikachekecha samadi kavu ya ng'ombe, nikaitandaza unene wa sentimita moja tu na kuisukumia matunduni kwa fagio. Muda wa kazi hii ni jambo la kuangalia sana. Finyanga kidonge cha udongo: kikivunjika ukikibonyeza, endelea, kikinyooka kama unga wa chapati, rudi ndani ukanywe chai, maana kukanyaga mfinyanzi uliolowa ni kuushindilia upya. Na kazi hii hairudishi uwanja kwa msimu mmoja. Mimi nimeirudia kila mwanzo wa mvua, na viraka vilivyokuwa vitupu nikachomeka vipando vya ukoka kila baada ya sentimita 15 hadi 20.

"Jasi inavunja mfinyanzi wowote." Itigi si mbali kwa reli, na jasi ipo kule. Lakini jasi husaidia udongo uliojaa sodiamu, ule wa magadi. Kama wako si wa magadi, umenunua unga mweupe wa kutandaza.

"Umekauka wote, ng'oa upande upya." Subiri kwanza. Ukoka hulala kiangazi, majani hukauka lakini vitambaazi vya chini ya udongo hubaki hai. Chimbua kimoja, ukikwaruze kwa ukucha: kikiwa cheupe na kigumu ndani, mvua itakiamsha. Kikiwa cha kahawia na kinapukutika, hapo kweli panda.

"Uchome moto, utachipua vizuri." Kuchipua kutakuwepo, ndiyo maana dhana hii haifi. Majani mabichi yale yanatoka kwenye akiba ya vitambaazi, moto haukuyaleta. Ulichounguza ni yale majani makavu yaliyokuwa yaufunike mfinyanzi na kuoza humo humo, yaani samadi ya bure. Kufagia nako kuna hasara hiyo hiyo. Fagio la chelewa kila alfajiri linaondoa udongo laini wa juu na kuacha kigaga kinachorusha maji. Hili nililijua mapema, lakini nani angemwambia mama mkwe asifagie? Tulielewana afagie njia na mbele ya mlango, kwa ajili ya nyoka na heshima ya nyumba.

"Mwagilia kidogo kila jioni." Mfinyanzi hunywa polepole. Maji ya juu juu huzoesha mizizi kukaa juu, na jua la Septemba linaikuta hapo hapo. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha: mwaga mpaka maji yaanze kutuama, acha nusu saa, rudia.

Urea nayo hupewa sifa ya kuponya kila unjano. Ina naitrojeni asilimia 46, ni kali. Gramu 10 kwa mita mraba, juu ya udongo wenye unyevu, kisha maji mara moja. Ukiiacha juu ya udongo bila kuimwagia maji sehemu yake inapotelea hewani. Na kwenye uwanja ulioshindiliwa haisaidii kitu, tundu kwanza.

"Mchwa ndio waliomaliza nyasi, mwaga oili chafu." Mara nyingi mchwa wanakula majani yaliyokwisha kufa. Wapo wanaokata mabichi, lakini oili chafu itaua udongo pamoja nao, na pale ulipomwaga hapataota kitu kwa muda mrefu.

Chini ya mwembe nimesalimu amri. Ukoka unataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, na mwembe wa Tabora hauachi hata nusu yake. Nimeweka benchi, majani yanaanguka yanavyotaka.