Yannick Noah hakuokota taji

Barazani kwa muuza kahawa, hapa Mji wa Kale, kijana mmoja alitangaza kwamba Yannick Noah ni "yule mwimbaji Mkameruni aliyebahatika kwenye tenisi siku moja." Kashata nusura initoke mdomoni.

Noah alizaliwa Sedan, Ufaransa, mwaka 1960. Kameruni ni kwao babake, Zacharie, mwanasoka, na alihamia huko angali mdogo. Mwaka 1971 Arthur Ashe, bingwa wa tenisi Mmarekani, alipopita Yaoundé alimwona mtoto huyu wa miaka kama 10 akipiga mpira, na ndiyo njia iliyomrudisha Ufaransa kufunzwa.

Hiyo "siku moja" ni fainali ya Roland Garros, mashindano makuu ya tenisi ya Ufaransa, mwaka 1983, alipomlaza bingwa mtetezi Mats Wilander seti tatu kwa bila. Kweli, hakupata taji jingine la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, akicheza peke yake. Lakini tangu hapo hakuna mwanamume Mfaransa aliyelirudisha lile kombe nyumbani! Na bahati gani hiyo inayompa mtu mataji 23 ya mchezaji mmoja, kisha nafasi ya 3 duniani mwaka 1986?

Uimbaji ulishika kasi 1991, mwaka uleule aliposimama kama nahodha Ufaransa ikiivua Marekani Kombe la Davis, lile la timu za taifa za tenisi. Akalitwaa tena 1996, na 2017.

"Na yule Joakim wa mpira wa kikapu?" kijana akauliza.

Mwanawe.