Diplomasia ya ping-pong: maana yake na mipaka yake

Diplomasia ya ping-pong ni jina la matukio ya Aprili 1971, pale wachezaji wa mpira wa meza wa Marekani walipoalikwa kutembelea China wakati nchi hizo mbili hazikuwa na balozi kwa mwenzake wala biashara ya maana baina yao. Baadaye jina lilipanuka. Leo linatumika kila serikali mbili zilizonuniana zinapokutanisha timu zao uwanjani. Upanuzi huo umeficha jambo la msingi: mchezo haukuwapatanisha maadui. Uliwapa viongozi waliokwisha kutaka kupatana njia ya kuanza bila kufedheheka.

Tangu wakomunisti wa Mao Zedong washike madaraka mwaka 1949, Marekani iliendelea kuitambua serikali ya Taiwan kuwa ndiyo China. Majeshi ya Marekani na ya China yakapigana Korea. Lakini Machi 1969 askari wa China na wa Urusi ya Kisovieti walirushiana risasi kwenye Mto Ussuri, na Beijing ikaanza kumwogopa jirani wa kaskazini kuliko adui wa ng'ambo ya bahari. Rais Richard Nixon wa Marekani naye alikuwa amenasa katika vita vya Vietnam na alitafuta namna ya kuibana Moscow. Ujumbe wa siri ukawa unapita kupitia Pakistan. Tarehe 15 Machi 1971 Marekani iliondoa marufuku ya raia wake kusafiri kwenda China. Kila upande ulikuwa tayari kusogea, ila hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyebisha hodi kwanza akafungiwa mlango.

Mashindano ya dunia ya mpira wa meza yalikuwa yakiendelea Nagoya, Japani. Tarehe 4 Aprili, Glenn Cowan, kijana Mmarekani mwenye nywele ndefu, alipanda basi lililobeba timu ya China. Ndani kukawa kimya. Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwasaka waliodhaniwa kuwa maadui wa ukomunisti, yalikuwa bado yanaendelea kwao, na kuonekana unaongea na Mmarekani kungeweza kukuharibia maisha. Aliyeinuka kutoka viti vya nyuma ni Zhuang Zedong, bingwa wa dunia mara tatu. Wenzake walijaribu kumzuia. Alimsogelea Cowan, akazungumza naye kupitia mkalimani, akampa kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Basi liliposimama, wapiga picha walikuwa wakisubiri nje. Baadaye Cowan alirudisha fadhila kwa kumpa Zhuang fulana.

Bila wapiga picha wale, kitambaa kile kingebaki siri ya watu wawili. Nauheshimu sana ujasiri wa Zhuang, maana yeye hakujua lolote kuhusu ujumbe wa Pakistan. Aliamka kwa utu wake tu. Ila picha ndiyo iliyovuka bahari. Wizara ya mambo ya nje ya China ilikuwa imeshauri Wamarekani wasialikwe, na Mao mwenyewe alikuwa amekubali ushauri huo. Kwa simulizi ya muuguzi wake, usiku wa tarehe 6 Aprili Mao, akiwa ameshameza dawa za usingizi, alimwagiza apige simu wizarani: waalikwe. Muuguzi alisita, kwa kuwa Mao aliwahi kuagiza kwamba maneno yake baada ya dawa hizo yasifuatwe. Akauliza tena. Mao akasisitiza.

Tarehe 10 Aprili, Wamarekani 15, yaani wachezaji, viongozi wa timu na wenza wawili, walivuka daraja kutoka Hong Kong, wakati huo koloni la Uingereza, kuingia China. Waandishi wa habari wa Marekani nao waliruhusiwa kuingia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 20 Wamarekani wengi wakaiona China ya watu wa kawaida kwenye magazeti na runinga zao. Tarehe 14 Aprili Waziri Mkuu Zhou Enlai aliwapokea wageni kwenye Ukumbi Mkuu wa Umma, Beijing. Cowan alimuuliza maoni yake kuhusu mahipi, vijana wa Magharibi waliokataa desturi za jamii yao, na Zhou akajibu kwa upole kwamba ni kawaida ya vijana kutafuta ukweli na mabadiliko. Siku hiyo hiyo Nixon alitangaza kulegeza vikwazo vya biashara.

Uchaguzi wa mchezo nao ulikuwa na akili yake. China ilikuwa miongoni mwa mabingwa wa dunia katika mpira wa meza. Marekani haikuwa tishio kwa yeyote, na mashabiki wake hawakuumia sana kwa kushindwa. Kauli ya wenyeji ilikuwa urafiki kwanza, ushindani baadaye, nao wakalegeza mchezo kwa makusudi: wanaume wa China walishinda 5 kwa 3, wanawake 5 kwa 4. Lau ungekuwa mchezo ambao heshima ya mataifa yote mawili imefungwa humo, kipigo kimoja kingeharibu kila kitu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Julai 1971 Henry Kissinger, mshauri wa Nixon wa usalama wa taifa, alikwenda Beijing kwa siri, na Februari 1972 Nixon mwenyewe akafika, ziara ikirushwa moja kwa moja kwa setilaiti. Aprili mwaka huo timu ya China ikazuru Marekani. Uhusiano kamili wa kibalozi ulianza tarehe 1 Januari 1979.

Katikati ya hayo yapo yanayotuhusu sisi. Oktoba 25, 1971 Umoja wa Mataifa uliirudishia Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na shangwe za balozi wake, Salim Ahmed Salim, ziliwaudhi Wamarekani, ambao bado walitaka Taiwan ibaki na nafasi. Mwaka 1981, Salim alipogombea Ukatibu Mkuu, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, huku China ikimuunga mkono. Safari za wachezaji zilikuwa zimelainisha mambo mengi, lakini si yote.

Siku hizi watu hutaja mpira wa kikapu kuwa mrithi wa ping-pong. Ni kweli NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilipenya China kupitia runinga ya taifa, CCTV, na Yao Ming wa Shanghai alipochaguliwa wa kwanza na Houston Rockets mwaka 2002, mamilioni walianza kuamka alfajiri kumtazama. Lakini Oktoba 2019 meneja mkuu wa timu hiyo hiyo aliandika mtandaoni maneno ya kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong. CCTV ikazima matangazo, na mwaka mzima ukapita kabla mechi kuonekana tena kwenye chaneli hiyo. Hapo hapakuwa na viongozi waliokuwa wakitafuta sababu ya kusogeleana. Palikuwa na ligi inayouza mechi na serikali inayoweza kuzizima. Oktoba 2025 NBA ilirudi na mechi mbili za maandalizi huko Macau, kati ya Brooklyn Nets na Phoenix Suns. Mashabiki wana haki ya kufurahi. Ila hiyo ni biashara iliyorejea, na kuiita diplomasia ya ping-pong ni kulibebesha jina hilo mzigo usio wake.