Zima Hiyo Hita, Uniti Haziliwi na Swichi

Juni ikiingia hapa Njombe, malalamiko ni yale yale: LUKU inakimbia. Nikifika nakuta hita ya maji inawaka tangu Jumatatu. Nikiizima, mwenye nyumba anashtuka: "Fundi, usizime! Kuwasha na kuzima ndiko kunakokula umeme, bora ibaki inawaka." Safari hii aliyeniambia hivyo ni mwalimu wa fizikia. Nikaona sasa yatosha.

Imani hii ina asili yake. Mota ya pampu au ya friji ikianza huvuta ampia mara kadhaa ya zile za kawaida, kwa muda mfupi sana. Hita haina mota. Ni koili, basi. Koili ya kilowati 1.5 huvuta hizo hizo 1.5 dakika ya kwanza na dakika ya mwisho. Usiniamini mimi, zima vingine vyote ukasimame mbele ya mita. Kama mita yako imeandikwa inakonyeza mara 1,000 kwa uniti (kilowati moja kwa saa moja), kile kitaa chekundu kitakonyeza mara 25 kwa dakika tangu unapobonyeza swichi hadi thamostati, ile swichi inayopima joto la maji, inapokata. Hakuna mruko wowote wa mwanzo.

Kinacholiwa ni joto linalovuja. Tangi ni ndoo yenye tundu chini: kadiri ilivyojaa ndivyo inavyovuja kwa kasi. Maji ya nyuzi 60 ndani ya bafu la nyuzi 12 hupoteza joto usiku na mchana, na kila yakipoa kidogo thamostati huamka na kurudishia. Tangi la kawaida la lita 50 linaweza kula uniti 1 hivi kwa siku bila mtu yeyote kugusa bomba.

Hapa ndipo hata wanaokubaliana nami wanaponichosha. Wanazima, lakini wanazima wakati usiofaa. Ukichemsha tangi zima, ukazima, kisha usioge, hujaokoa kitu cha maana. Maji yale yale yatavuja joto polepole hadi kesho. Faida inapatikana ukizima mara baada ya kuoga, tangi likiwa limejaa maji baridi upya. Maji ya nyuzi 15 hayana joto la kupoteza. Yaache hivyo hivyo kutwa. Familia inayooga saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni iwashe saa kumi na moja jioni: lita 50 kutoka nyuzi 15 hadi 60 zinahitaji uniti 2.6, na koili ya 1.5 huzimaliza kwa chini ya saa mbili. Hizo 2.6 utazilipa kwa vyovyote, maana ndizo zinazokuogesha. Unachokwepa ni kutunza maji ya moto ambayo hayana mtu wa kuyaoga.

Sasa niseme ukweli ambao katika biashara hii hatuusemi kwa sauti: kwenye tangi jipya lenye povu nene la kuzuia joto lisivuje, ugomvi huu wote ni wa uniti chache kwa mwezi. Kuoga kwa dakika tano badala ya kumi na tano kutakuokolea zaidi, na bomba la moto linalodondoka vilevile. Pia wapo wanaoshusha thamostati hadi 45 ili kubana matumizi. Hilo silipendi. Maji ya vuguvugu yanayokaa tangini ni makazi mazuri ya bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu, ndiyo maana husemwa nyuzi 60. Lakini hata mpango wangu wa kuzima huyapitisha maji kwenye huo uvuguvugu kila siku. Ninachofanya ni kuhakikisha yanafika 60 kabla ya kuogwa, na bado sijaridhika kabisa.

Na jiko la mkaa chumbani ili kupata joto: hapana. Moshi kukatika si sumu kuisha. Sumu yenyewe, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Anayetaka chumba chenye joto aanze na dari. Bati tupu hulitoa joto lako lote nje.

Na hita ya jua hutegemea mwanga, si joto la hewa. Julai yenye baridi kali na anga jeupe inaipashia vizuri, ila kule Makete kwenye sakitu, umande unaoganda, chagua ya mirija ya kioo, na mabomba yavikwe vizuri yasigande.

Mnaosahau kuzima, nunueni taima, lakini someni ampia zake kwanza. Hita ya kilowati 3 huvuta ampia 13 mfululizo, na taima ya ampia 10 itayeyuka ukutani kabla bili haijashuka.