Mzee ameacha kutoka nje: maswali na majibu

Baba ana miaka 76. Alasiri haikumpita bila kwenda barazani kucheza bao; sasa anashinda ndani, anasema miguu imechoka. Si uzee tu huo?

Uzee peke yake haumfungii mtu ndani. Miguu husingiziwa mengi kwa sababu kuitaja si aibu. Muulizeni faraghani: anaona njia vizuri, hasa jioni? Mtoto wa jicho humfanya mtu aogope kila ngazi, na hutibika kwa upasuaji mdogo. Mkojo unambana ghafla, akahofia kuaibika mbele ya wenzake? Tezi dume iliyotanuka hufanya hivyo. Masikio nayo yakififia, mtu huona afadhali akae kwake kuliko kuuliza "umesemaje?" kila mara. Na je, aliwahi kuanguka? Wengi huficha, maana wanajua watoto wakisikia watawakataza kutoka. Kama anatumia dawa za presha na hupata kizunguzungu anapoinuka, arudi kwa daktari. Asiziache kwa uamuzi wake.

Akiendelea kukaa ndani atapoteza nini?

Misuli ya mapaja isiyotumika hupungua haraka, na ndiyo inayomwinua kitini na chooni. Nguvu zikipungua huogopa kuanguka. Akiogopa huzidi kukaa. Huku nyuma wenzake wanazoea kutomwona. Upweke wa muda mrefu unahusishwa na sonona, maradhi ya moyo, kiharusi na kupungua kwa kumbukumbu. Barazani ndiko anakojua nani anaumwa na nani kafiwa, na ndiko anakoulizwa rai yake. Simu ya mtoto aliye mbali, ya "shikamoo, umekula?", haifiki huko.

Nitajuaje kama miguu kweli imedhoofu?

Aketi kwenye kiti cha kawaida, wekeni alama mita 3 mbele yake. Ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kila siku hadi kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Mtu asimame karibu naye. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini kuanguka, mpelekeni akapimwe.

Mazoezi hataki hata kuyasikia.

Basi msiyaite mazoezi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na angalau siku 3 za kujenga nguvu na kujisawazisha. Kwenda msikitini, kanisani au sokoni kwa miguu kunahesabika. Kuinuka kitini bila kujishika, mara kadhaa asubuhi na jioni, huimarisha mapaja.

Tulimnunulia mkongojo, kautupa pembeni.

Pengine ni mrefu mno. Akisimama wima amevaa viatu, mkono ukining'inia, kishikio kifike usawa wa kifundo cha mkono. Aushike kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Wengi huushika upande uleule.

Wakati tunasubiri matibabu tufanye nini?

Waiteni wenzake waje na bao lao nyumbani kwenu, kahawa iwe juu yenu. Akipata nafuu, asindikizwe nao kurudi barazani. Kwa wenzake ataona haya kukataa, kwenu hataona.