Nakala ya picha ya mfalme si bandia

Mkusanyaji wa picha za kuchorwa akiambiwa picha yake ya mfalme ni nakala, uso unamshuka kama aliyeibiwa. Hajaibiwa. Bandia hutengenezwa ili kumdanganya mnunuzi, ilhali nakala hizi ziliagizwa na kulipiwa na ufalme wenyewe. Mchoraji Allan Ramsay alimchora George wa Tatu wa Uingereza akiwa na mavazi ya kutawazwa mnamo 1761 na 1762, kisha karakana yake ikatoa nakala kwa miaka mingi, zikienda kwa mabalozi na magavana. Philip Reinagle ni mmoja wa wasaidizi waliozichora. Picha rasmi ilizaliwa ili inakiliwe.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi mshono wa kichwani unavyoeleweka vibaya. Mfalme hakai saa nyingi mbele ya mchoraji, kwa hiyo uso ulichorwa kwanza kwenye kipande kidogo cha turubai, kikaja kuunganishwa kwenye turubai kubwa yenye joho na kiti cha enzi. Ndivyo mchoraji Rigaud alivyofanya kwa Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa mwaka 1701. Mulika taa kutoka ubavuni, utaona mstari umekizunguka kichwa. Watu huudhani kiraka, wakataka usawazishwe! Msiuguse, huenda ndio ushahidi bora mlio nao kwamba uso ulichorwa mfalme akiwa amekaa mbele ya mchoraji.

Kingo nazo zisomwe. Picha ya Kiingereza ya mwili mzima kwa kawaida ilikuwa inchi 94 kwa 58. Turubai ikivutwa kwa misumari, nyuzi zake hupinda mawimbi karibu na ukingo. Upande usio na mawimbi huenda ulikatwa.

Rangi nyeupe ya titani haikuwepo kabla ya karne ya 20, kwa hiyo hufichua picha isiyo ya zamani, lakini sampuli itoke kwenye rangi ya asili. Ukiichukua palipokarabatiwa, utaihukumu picha ya zamani kwa kosa la fundi wa juzi.

Eksirei huonyesha mkono uliosogezwa au taji lililohamishwa, na hapo watu hushangilia kwamba wamepata picha ya kwanza, si nakala. Polepole. Msaidizi naye hukosea akarekebisha. Na kama uso ulipitiwa na mkono wa mchoraji mkuu mwenyewe, hakuna mashine inayojibu. Tunalinganisha kwa jicho, kope kwa kope, na wajuzi wawili wanaoheshimiana hutoka chumbani na majibu mawili.