Kwa Nini Usiku Mwingine Usingizi Hauji? Maswali ya Watu wa Kando ya Ziwa

Mtu anaweza kulala fofofo Jumatatu na Jumanne, halafu Jumatano akagaagaa mpaka jogoo wawike bila kupata hata lepe. Chakula kilekile, kitanda kilekile. Yafuatayo ni maswali ambayo watu wa Mwanza, mialoni na visiwani huuliza kuhusu usiku wa namna hiyo. La kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo usiliruke.

Usingizi huletwa na nini hasa?

Ni mambo mawili yakikutana. La kwanza ni uchovu wa ubongo wenyewe. Tangu unapoamka, seli za ubongo zinapotumia nguvu hubakiza kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyopita inazidi kujikusanya, macho yanakuwa mazito, na ukilala inapungua. Aliyelala saa tatu nzima mchana ameshaipunguza, kwa hiyo asishangae usiku.

La pili ni saa ya mwili. Hii ni kundi dogo la seli ndani ya ubongo linalopata habari za mwanga moja kwa moja kutoka machoni. Giza likiingia, saa hiyo inaruhusu homoni ya melatonini itoke, na joto la mwili linaanza kushuka, likipungua kwa karibu nyuzi 1 kabla ya alfajiri. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza namna saa hii inavyoendeshwa ndani ya seli. Waligundua hayo kwa kuchunguza inzi wadogo wanaozengea matunda.

Ukiwa na moja bila la pili, unapata usingizi wa mang'amung'amu: mwili umechoka, lakini kichwa kinakataa kuzima.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikitoka anarudi nyumbani, lakini usiku anazunguka uani mpaka alfajiri, mchana ndiyo anakoroma. Majirani wanasema ana lake jambo. Ni ugonjwa?

Dada, waache majirani kwanza. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauwavuti dagaa vizuri, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Maana yake mumeo ametumia majuma akifanya kazi usiku, akitazamana na taa kali juu ya maji, na kulala jua likiwa limepanda. Saa yake ya mwili imeshageuka. Kwake saa nane usiku ni saa ya kuvuta nyavu.

Saa hiyo hairudi kwa siku moja. Husogea polepole, takribani saa moja kwa siku, na ikikaribia kukaa sawa mwezi unapungua na yeye anarudi kambini. Madereva wa mabasi ya usiku, walinzi na wauguzi wanayajua haya, ila wao hawapangiwi zamu na mwezi.

Usimlazimishe siku ya kwanza alale saa tatu usiku. Mwamshe mapema kidogo kila siku kuliko jana yake, na akiamka atoke nje apate mwanga wa jua. Ale chakula cha mchana na familia. Usiku taa ziwe hafifu. Akiwa kambini afanye kinyume: asubuhi akitoka ziwani avae kofia yenye ukingo, aingie kulala bila kuchelewa, na afunge macho kwa kitambaa cheusi, kwa sababu vibanda vingi vya kambini vinapitisha mwanga kila upande. Hili si la starehe tu. Mtu anayesinzia ukingoni mwa mtumbwi anaweza kuanguka majini bila mwenzake kujua.

Je, mwezi mpevu wenyewe unanyima watu usingizi?

Huenda kidogo. Watafiti wa Basel, Uswisi, walitangaza mwaka 2013 kwamba watu waliolala maabara, bila kuuona mwezi, walilala pungufu ya kama dakika 20 siku za karibu na mwezi mpevu. Mwaka 2021 utafiti mwingine, wa jamii za wenyeji wa Argentina na wanafunzi wa Seattle, Marekani, ulikuta watu wakichelewa kulala katika siku chache zinazotangulia mwezi mpevu. Zipo pia tafiti ambazo hazikuona tofauti yoyote. Maoni yangu: kama umepata usingizi wa muda wa saa nne tu usiku wa mbalamwezi, tafuta sababu nyingine kabla ya kuutupia mwezi lawama.

Naendesha bodaboda. Jioni nakunywa enaji mbili ili nimalizie hesabu ya bosi. Nikifika nyumbani saa sita nimechoka, lakini macho makavu.

Kaka, enaji haikukupa nguvu. Kafeini iliyomo inakaa mahali ambapo adenosini ingegusa ubongo, kwa hiyo uchovu upo palepale, wewe ndiye huusikii. Kwa wastani mwili huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini, nusu tu. Uliyokunywa saa moja jioni, saa sita usiku nusu yake bado ipo. Katika utafiti mmoja miligramu 400 za kafeini zilizonywewa muda wa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima.

Soma ubavuni mwa chupa: kafeini huandikwa kwa miligramu kwa kila mililita 100, upige hesabu mwenyewe. Kahawa, chai ya rangi na soda za kola nazo zina kafeini. Mjamzito huchelewa zaidi kuiondoa, na kwake kiasi kisizidi miligramu 200 kwa siku. Wewe weka mwisho wa kafeini saa nane mchana kwa wiki mbili, uone.

Na bia mbili za kuleta usingizi?

Zinauleta, halafu zinauchukua. Pombe inakulaza haraka, lakini ikishaisha mwilini, nusu ya pili ya usiku inavunjika: kiu, mkojo, jasho, ndoto za ajabu. Kwa anayekoroma ni mbaya zaidi, maana inalegeza koo.

Chumba chetu Mabatini kina joto hata usiku. Wengine wanasema ni mawe.

Wana hoja. Mwili unahitaji kupoa ili usingizi ushike, na mawe makubwa ya vilima vya Mwanza hufyonza joto la jua mchana kutwa kisha huliachia taratibu baada ya magharibi. Nyumba ya bati isiyo na dari, iliyobanwa kati ya majabali, huchelewa kupoa. Upepo nao hubadilika: mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Fungua madirisha ya pande mbili jioni hewa ipite. Kuoga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia kuliko maji ya baridi, kwa sababu damu huja juu ya ngozi na joto hutoka nje. Ila usitoe chandarua kwa sababu ya joto, nakuomba. Malaria ikikuingia utakosa usingizi wa wiki nzima.

Kelele za baa na mvua kwenye bati ziko katika kundi hilohilo. Sikio halilali. Pamba masikioni si aibu.

Nikienda Bukoba kwa meli kununua ndizi, usiku wa kwanza ugenini silali. Wa pili nalala.

Ni kawaida kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kuwa usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo hubaki macho kidogo kuliko mwingine, kama mlinzi. Beba kanga yako ya kujifunika, fika mapema, basi.

Nina mkopo wa kausha damu. Saa nane usiku naamka, moyo unadunda, nalazimisha usingizi mpaka asubuhi. Sasa hata nikiona kitanda naogopa. Nifanye nini?

Pole, mama. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaosema "siku hizi silali" walianzia hapa ulipo.

Kuamka saa nane si kosa. Usingizi huja kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kati ya mzunguko na mzunguko karibu kila mtu huzinduka kidogo, akageuka, akaendelea. Mwenye wasiwasi anapozinduka, deni linakuwa limekaa linamsubiri. Mwili unamwaga homoni za tahadhari zilezile za mtu aliyeona chatu njiani, na hapo hakuna adenosini itakayoshinda.

Usiku huo mmoja ungepita. Kinachoufanya uwe miezi ni mbinu tunazotumia kuufidia. Kesho yake unapanda kitandani saa mbili usiku ili "uwahi". Unalala mchana. Unatazama saa kwenye simu kila baada ya muda na kupiga hesabu: zimebaki tatu, zimebaki mbili. Kidogo kidogo ubongo unajifunza kuwa kitanda ni mahali pa kuhangaikia, na ndiyo hofu unayoisema. Kuna ukosefu wa usingizi uliobaki kwa mtu miaka mingi baada ya deni kulipwa.

Kwa hiyo, amka saa ileile kila siku, hata kama umelala vibaya. Hiyo ndiyo nguzo, kuliko saa ya kupanda kitandani. Panda kitandani ukisinzia tu. Ukihisi dakika kama 20 zimepita na macho makavu, toka kitandani. Vitabu husema nenda chumba kingine, lakini najua wengi wetu tuna chumba kimoja na watoto wamelala chini. Kaa kwenye kigoda pembeni, taa hafifu, kunja nguo au chambua mchele, urudi kitandani ukianza kupiga miayo. Simu ifunike, iwe mbali na mkono. Ukilala mchana, isizidi nusu saa, na isiwe baada ya saa tisa.

Na deni lipangie muda wake. Jioni, kabla ya giza, kaa na daftari uandike unadaiwa na nani, kiasi gani, na hatua moja ya kesho. Halitapungua kwa kuandikwa, lakini saa nane usiku utakuwa na pa kuliambia lisubiri. Matibabu ya namna hii, ya kubadili mazoea na mawazo yanayozunguka kitanda, ndiyo yanayopendekezwa kwanza kwa ukosefu sugu wa usingizi, kabla ya kidonge chochote.

Nakabwa na jinamizi. Naona kila kitu, siwezi kuinua hata kidole. Nimeambiwa nimetupiwa.

Unapoota, ubongo hulegeza misuli ya mwili karibu yote ili usiitekeleze ndoto. Wakati mwingine akili inaamka kabla kufuli hilo halijafunguka, na vipande vya ndoto vinaendelea kuonekana chumbani. Hudumu sekunde au dakika chache, halafu huisha. Huja zaidi kwa asiyelala vya kutosha na kwa anayelala chali. Lala ubavu, usikeshe, na pesa ya mganga nunulia godoro.

Mwanangu, nina miaka sabini na kitu. Naamka mara nne kukojoa, saa kumi usingizi umekwisha.

Shikamoo baba. Kuamka saa kumi kunaweza kuwa umri tu; wazee huwahi kusinzia na huwahi kuamka. Mara nne za mkojo ni jambo la kupimwa: tezi dume, sukari, moyo. Kama miguu huvimba jioni, iinue juu ya stuli alasiri, maana maji yaliyotuama miguuni hurudi kwenye damu ukilala na kugeuka mkojo. Kama unatumia dawa ya presha inayoongeza mkojo, muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi. Na usinunue piritoni dukani ili ulale. Huzoeleka haraka, na kwa mwenye tezi dume inaweza kuziba mkojo kabisa.

Na valiamu?

Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, ya muda mfupi. Hujenga utegemezi, huangusha wazee usiku, na pamoja na pombe inaweza kuzuia pumzi. Wapo pia wanaokoseshwa usingizi na dawa zao halali. Dolutegravir, iliyomo kwenye vidonge vya TLD vya kufubaza VVU, huwafanyia hivyo baadhi ya watu, na mara nyingi kuhamishia dozi asubuhi hutosha. Zungumza na CTC yako, yaani kliniki unakochukulia dawa za VVU, usiache dawa.

Niende hospitali lini, na niseme nini?

Nenda kama unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, au mapema zaidi kama unashindwa kazi. Usisubiri kabisa kama unabanwa pumzi ukilala chali, kama huzuni imekushika au unawaza kujidhuru, au kama siku kadhaa hulali na bado una nguvu kupita kiasi. Anza zahanati au kituo cha afya. Wakiona haja watakupeleka hospitali kubwa, Sekou Toure au Bugando. Chukua karatasi ya wiki mbili: saa uliyopanda kitandani, saa uliyoamka, ulichokunywa, dawa zote, hata za miti shamba. Kukoroma kunakokatika ghafla kisha kuanza kwa kukwama kama mtu anayekabwa, mwenyewe huwezi kukusimulia, kwa hiyo nenda na unayelala naye chumba kimoja.